Mwalimu Aliyetokea Mara Mbili

Ukitaka kumwona Dainess akibadilika sura, mwambie kwamba picha zake ni za kutengeneza. Watu wa Mbugani wanalijua hilo, na wale wanaopenda kumtania hulitamka neno wakiwa wameshasimama mlangoni, tayari kuondoka. Yaliyompata mwaka 2005 kwenye shule ya kijiji chao kule Bujonde hayajamtoka rohoni, na mimi ninayesimulia sioni kwa nini yamtoke.

Studio yake ya picha pale Mbugani ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la bluu, benchi la wateja na meza ya kompyuta. Kamera ya dijitali aliletewa na kaka yake, mfanyabiashara wa Kasumulu. Kompyuta aliinunua Mbeya ikiwa imeshatumika, na ndani yake fundi akamwekea programu ya kuhariri picha aliyoinakili kwenye sidii. Hakukuwa na wa kumfundisha. Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza, naye Kiingereza chake kilikuwa cha kununulia vitenge Karonga, upande wa Malawi. Basi kila siku akajaribu kitufe kimoja, akaandika kwenye daftari kimefanya nini.

Kilichomsumbua miaka yote kilikuwa ni dirisha. Ukipiga harusi ndani ya kanisa huku dirisha likiwa nyuma ya maharusi, ama maharusi wanakuwa weusi tii, ama dirisha linakuwa jeupe tupu kama shuka. Jicho linaona vyote viwili, bibi harusi na migomba iliyo nje, lakini kamera inachagua kimoja na kutupa kingine. Dainess aliona huo ni uonevu. Akagundua kwamba akiiweka kamera kwenye stendi na kupiga mara tatu, ya kwanza yenye mwanga mdogo, ya pili wa wastani na ya tatu mwingi, anaweza kuzipanga picha hizo ndani ya programu, moja juu ya nyingine, kisha akafuta taratibu sehemu za juu ili zilizo chini zionekane. Ya kwanza inampa kilicho nje, ya tatu inampa sura na kuta zilizo gizani, ya pili inaziunganisha. Sharti lake moja: kamera isitikisike na watu watulie. Akisema tulieni, hata mwenye kikohozi alikimeza.

Hakuwa anaongeza kitu. Alichotaka ni picha ione kile ambacho mtu aliyesimama pale anakiona. Hilo lishike vizuri, maana ndilo lililokuja kukanyagwa.

Jumatano moja ya mwezi wa nne, mvua ikiwa imekatika kidogo, Mwalimu Asifiwe aliingia studio akiwa na matope hadi magotini. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kule kijijini, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Keziya, binti wa Dainess, aliyekuwa akiishi na bibi yake. Darasa hilo lilikuwa likisomea ndani ya godauni la kakao, katikati ya magunia, likisubiri chumba kipya kimalizike. Wanakijiji walikuwa wamechoma matofali wenyewe na kusomba mchanga kutoka mtoni. Ujenzi alipewa mkandarasi aitwaye Vitus, mtu wa kutoka mkoa mwingine, mwenye suti ya kijivu na maneno matamu.

"Jumamosi anakabidhi," Asifiwe alisema. "Mwenyekiti wa kamati atasaini, Jumatatu naingiza watoto. Na ukuta wa dirishani una ufa, Mama Keziya. Umetoka kwenye linta, juu ya dirisha, mpaka chini kwenye msingi."

"Si muuseme."

"Nimeusema. Mkandarasi kafunga kufuli, anasema rangi inakauka. Mwenyekiti alichungulia kwa upande wa mlango, akaona mstari mweupe. Akaambiwa ni mwanga wa dirisha. Chumba kina giza, na dirisha linapiga machoni."

Dainess aliuliza ufa una upana gani. Asifiwe akanyoosha vidole vinne, akavibana pamoja.

Alhamisi asubuhi wakaenda. Ufunguo wa pili alikuwa nao mlinzi, Mzee Andrea, ambaye ndiye aliyesimamia uchomaji wa matofali yale na alikuwa hapati usingizi kwa kuona yalivyojengwa. Udongo mwingi, saruji ya kunyunyiza. Alifungua kufuli, akarudi kukaa nje kuangalia barabara.

Dainess alipoingia alielewa shida ilikuwa wapi. Ufa ulikuwa sentimita chache tu kando ya dirisha. Alipopiga picha ya kawaida, ulitoka mstari mweupe, ambao mtu yeyote angeweza kusema ni mwanga au chokaa. Alipopunguza mwanga, chumba chote kikawa giza na ufa ukawa uzi wa kijani, maana nyuma yake kulikuwa na shamba la kakao. Ukuta ulikuwa umepasuka ukatoboka, unaona nje. Lakini hakuna picha moja ambayo ingeonyesha ukuta na kakao kwa pamoja.

Kwa hiyo akasimamisha stendi. Alimwambia Asifiwe asimame karibu na dirisha, aingize vidole ndani ya ufa na asitikisike. Akapiga ya kwanza, yenye mwanga mdogo. Akapiga ya pili.

Hapo hapo Mzee Andrea akaingia, akapita upande wa kushoto kutafuta fimbo yake, na alipoona wanawake wawili wamesimama akawaamkia, "Mwagonile."

Sasa mtu wa mahali pengine angetulia. Picha ilikuwa imebaki moja, sekunde chache tu. Lakini Asifiwe alilelewa na watu. Hawezi kuamkiwa na mzee akabaki ameganda ukutani kama kijiti. Alitoka pale alipokuwa, akamfuata, akachutama mbele yake, akapiga makofi mawili madogo na kuitikia, "Mwagonile, tata." Na kamera ya Dainess, iliyokuwa imeshategwa, ikapiga ya tatu.

Dainess alitaka kurudia. Lakini nje kulisikika pikipiki, Mzee Andrea akasema tokeni, wakatoka kupitia mashamba ya kakao na stendi begani.

Jioni ile Mbugani, umeme ulipokuwapo, alikaa mbele ya kompyuta akazipanga picha tatu. Alifuta hapa, akaacha pale. Kutoka ile ya giza akatoa majani ya kakao na maganda mawili ya njano yaliyoonekana kupitia ufa. Kutoka ya pili akatoa vidole vya Asifiwe vikiwa ndani ya ukuta, kifundo cha mkono, na sura yake iliyokunjamana. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na mwanga wa kuonyesha upande wote wa kushoto, namna ukuta ulivyoinamia ndani kama tumbo, na udongo mwekundu ukimwagika kati ya matofali. Na humo upande wa kushoto alikuwamo Asifiwe tena, amechutama, na Mzee Andrea amesimama mbele yake.

Picha ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, ila ilikuwa na walimu wawili.

Aliliona hilo, tusimsingizie kwamba hakuliona. Amtoe anayeonyesha ufa? Basi ushahidi umekwenda, maana bila vidole vile nani atajua upana wake. Amtoe aliyechutama? Aliweka brashi ya kufutia juu ya mgongo wa Asifiwe, akaanza, kisha akaona kinachobaki: Mzee Andrea amesimama peke yake katikati ya chumba, amenyoosha mkono, ameamkia watu na hakuna aliyemwitikia. Mzee wa umri ule. Na huyo ndiye aliyehatarisha kibarua chake kuwafungulia mlango. Dainess akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Aliona kila mtu kijijini atajua mara moja kuwa huyo ni Asifiwe anaitikia salamu, kwa sababu nani asiyejua salamu. Akaichapa kwenye karatasi kubwa, akalala.

Jumamosi watu walijaa. Mkandarasi Vitus alikuwa ameleta kreti za soda, na meza imetandikwa kitambaa cheupe katikati ya chumba kipya, juu yake hati ya makabidhiano. Na ukuta wa dirishani ulikuwa safi. Hakuna ufa. Lipu mpya ya kijivu ilikuwa imepakwa kutoka linta hadi chini, ndani na nje, bado ina unyevu. Kumbe kuna aliyeona stendi ikipita mashambani, akapeleka habari.

Dainess alisimama mlangoni akiwa na bahasha ya picha kwapani. Mtu aliyekuwa na siku mbili za kurekebisha ukuta alizitumia kuuficha.

Hakungoja kuitwa. Alipita katikati ya watu mpaka kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, Tuntufye, mtu mnyoofu lakini aliyechoka, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akizunguka kuomba chumba hiki na sasa alikuwa na kalamu mkononi. Akamwekea picha juu ya hati.

"Mwenyekiti, hivi ndivyo ulivyokuwa Alhamisi."

Tuntufye aliitazama. Aliona vidole. Aliona maganda ya kakao upande wa pili wa ukuta. Uso wake ulibadilika, na Dainess akadhani mambo yamekwisha.

Vitus akaichukua picha kwa upole, akaiinua juu ili watu waione.

"Dada, hongera kwa utundu," alisema. "Kwa kweli ni kazi nzuri. Ila wazazi wangu, nisaidieni. Huyu hapa dirishani ni mwalimu wetu Asifiwe, sivyo? Na huyu hapa chini, aliyechutama, ni nani?"

Watu wakasogea. Mtu mmoja akasema, "Naye ni Asifiwe."

"Naye ni Asifiwe," Vitus alirudia. "Wako wawili. Kijiji kinadai hakina walimu wa kutosha, kumbe dada anawazalisha Mbugani kwenye kompyuta. Sasa kompyuta iliyoweza kuzaa mwalimu mzima, na gauni lake, itashindwa kuchora ufa?"

Watu walicheka. Hilo ndilo lililomuumiza Dainess kuliko yote, kwamba walicheka, wale wale waliosomba mchanga. Walicheka na Asifiwe yupo, ameinamisha kichwa kwa aibu.

Dainess alijitahidi kueleza. Zilikuwa picha tatu. Kamera haioni giza na mwanga kwa wakati mmoja, kwa hiyo unapiga mara tatu. Mwalimu alihama katikati. Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka yamepinda, ya mtu anayejitetea.

"Hizo tatu ziko wapi?" Vitus aliuliza.

"Ziko studio. Naweza kuzileta."

"Nazo zitatoka kwenye kompyuta hiyo hiyo," alisema Vitus, na watu wakacheka tena.

Mzee Andrea alisimama kutoka kwenye kona. "Niliwaamkia," alisema. "Akatoka pale akaja kuniitikia. Ufa nimeuona kwa macho yangu, mkono umeingia. Mimi ndiye niliyefungua."

"Ahsante kwa kusema, mzee," Vitus alijibu bila kupandisha sauti. "Ulifungua jengo ambalo halijakabidhiwa. Kuanzia leo huna kazi kwangu. Na mwalimu naye, nadhani wakubwa wake watapenda kujua anavyotumia saa za kufundisha."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee wa miaka sabini ameshuhudia kwa mdomo wake, mwalimu amevunjiwa heshima mbele ya wazazi wa wanafunzi wake, na kijiji kizima kimetazama chupa za soda. Tuntufye alifungua kalamu. Alikuwa hamtazami mtu.

Dainess aliona kalamu inashuka. Alimwona Keziya dirishani, nje, ameegemeza kidevu kwenye kizingiti pamoja na wenzake, wanachungulia darasa lao jipya. Jumatatu watakuwa ndani, na mvua za kuulowesha ukuta ule bado hazijaisha. Hasira zake zilikuwa mbili. Alijikasirikia na yeye mwenyewe kwa wale walimu wawili, lakini hiyo ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa kwamba mtu aliyeficha kitu kwa lipu anamwita mwongo mtu aliyekifichua.

"Sawa," alisema, na sauti ilimtoka imetulia kuliko alivyotegemea. "Picha yangu ni ya uongo. Basi tupige ya kweli. Mwenyekiti, subiri kidogo tu, hati ya makabidhiano bila picha haipendezi."

Tuntufye akainua kalamu. Vitus akatabasamu, maana ni mtu aliyependa kupigwa picha.

Dainess alisimamisha stendi yake mbele ya meza, akaifunga kamera juu yake. "Bwana Mkandarasi, karibu hapa dirishani. Simama na ukuta wako."

Vitus alikuja, akarekebisha tai, akasimama hatua moja mbele ya lipu.

"Egemea."

"Hapa panatosha."

"Giza la humu linataka mtu atulie kabisa. Mtu asiyeegemea huyumba. Egemea mgongo wote, nihesabu mpaka kumi."

"Lipu ni mbichi, dada. Suti itachafuka."

Mama yake Dainess, Bibi Elizabeth, aliyekuwa amekaa chini na wanawake wenzake, alijivua kanga ya begani bila kuulizwa. Alijikokota hadi pale, akaitandaza ukutani, akaishikilia kwa mikono miwili, ncha huku na ncha huku, kama mtu anayeanika nguo. "Suti haitachafuka, mwanangu," alisema. "Egemea."

Vitus aliitazama kanga. Kisha akamtazama bibi aliyekuwa ameishika, na Dainess akaona jicho lake likienda juu, kwenye linta, likarudi haraka. "Mama, toka hapo," alisema.

Alilisema kwa haraka na kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu aliyeona mtoto karibu na moto. Nadhani halikuwa neno baya. Pengine ndilo neno la pekee la utu alilolitamka siku hiyo. Lakini lilikuwa limeshatoka, na kila mtu alilisikia.

Bibi Elizabeth hakutoka. "Kwa nini nitoke?" aliuliza.

Vitus alisogea mbele hatua nyingine, mbali na ukuta, akaanza kusema kwamba ana eneo lingine la kazi Kasumulu na amechelewa, kwamba mambo ya picha yatafanyika siku nyingine, kwamba mkataba ni mkataba. Watu hawakuwa wakimsikiliza. Walikuwa wakiitazama nafasi ile kati ya mgongo wake na kanga. Wakati huo wanaume waliokuwa karibu na dirisha walikuwa wameanza kujisogeza, mmoja mmoja, kuelekea mlangoni.

Tuntufye aliinuka. Alimshika Bibi Elizabeth mkono akamtoa pale pole pole, kisha akaenda dirishani akawafukuza watoto kwenye kizingiti, akawaambia waende mbali, mbali kabisa, hadi kwenye godauni. Aliporudi mezani alifunika kalamu yake.

"Hati haisainiwi," alisema. "Tokeni wote. Na mabenchi tuliyoyaleta kutoka godauni yatoke."

Vitus alipaza sauti sasa. Alisema atakwenda wilayani, atakwenda mahakamani, kijiji kitajuta. Walimpisha njia apite, na wakaendelea kutoa mabenchi. Soda zilibaki kwenye kreti mpaka mtu mmoja alipozitoa nje na kuziweka kando ya gari la mkandarasi.

Unaweza kufikiri Dainess alifurahi. Hakufurahi. Alikunja stendi yake, na alipoulizwa na mama yake kama yuko salama, alisema hapana. Mwalimu aliyeingiza mkono wake ndani ya ufa alisema, wakamcheka. Mzee aliyechoma matofali alisema, wakamnyamazia. Picha ilisema kwa rangi zote. Walichoamini ni woga wa mtu aliyewadanganya. Kwa hiyo hata siku ile ya kushinda, mwongo ndiye aliyekuwa shahidi wao mkubwa.

Tuntufye alimkuta nje, chini ya michirizi ya paa. Alikuwa ameiokota ile picha kutoka sakafuni, ina alama ya kiatu kwenye kona, naye alikuwa akiifuta kwa mkono wa shati.

"Mwanangu, ndaga fijo, asante sana," alisema. "Hii naipeleka wilayani Jumatatu. Ila nakuomba kitu. Rudi nayo kwenye kompyuta, mtoe mwalimu mmoja. Wasije wakacheka na kule."

Dainess alimtazama. Hakumkosea heshima, lakini hakupunguza kitu.

"Nimtoe yupi, baba?" aliuliza. "Huyu mwenye mkono ukutani, au huyu anayemwitikia Mzee Andrea? Chagua wewe, kisha nenda ukamwambie mwenyewe kwamba hakuwapo."

Tuntufye aliishika picha kwa mikono miwili. Hatua chache kutoka pale Mzee Andrea, ambaye hakuwa tena na kazi, alikuwa akisaidiana na Asifiwe kubeba benchi kulirudisha godauni. Mwenyekiti aliwatazama mpaka walipopita, akaiviringisha picha kwa uangalifu ili isivunjike katikati, akaitia ndani ya koti lake kama ilivyokuwa.